Muhogo Uliotoka Nje ya Uzio

Mwanangu wa mwisho ni daktari, lakini ukiumwa usimwite. Hajawahi kumchoma mtu sindano. Yeye anatibu mihogo.

Cheka tu, hata mimi nilicheka, tena kwa hasira. Binti umemsomesha mpaka akavuka mawingu kwenda Ulaya, karudi, unamuuliza mbele ya ukoo mzima, "Haya daktari, wewe wa moyo au wa macho?" Anakujibu kwa ile sauti yake ndogo kama anaogopa kumwamsha mtoto, "Wa mimea, mama. Nafanya utafiti wa RNA na kuhariri jeni." Mjomba wake akakohoa. Mimi nikaweka sahani chini.

Hapa mtaani kwetu Ngokolo majirani waling'ang'ania kuniita Mama Daktari hivyo hivyo. Asubuhi utasikia hodi. "Mama Daktari, mguu unaniwaka moto, Daktari anakuja lini?" Namjibu, "Anakuja Krismasi, ila kama mguu wako hauna majani hatauangalia."

Lakini niseme alikoanzia, isije ikaonekana alirogwa na Wazungu. Alianzia Nyarugusu, kwenye shamba la marehemu mume wangu, yeye akiwa darasa la tatu au la nne. Mwaka huo mihogo ilikuwa imestawi mpaka wapita njia wanasimama. Majani ya kijani, mashina kama mkono wa mwanaume. Tukaenda kuchimba. Wa kwanza ukatoka mnene, ganda safi, nikaukata nimpe atafune. Ndani kahawia. Mkavu, umekufa, kama mtu kaumwagia kahawa kisha kauanika. Nikakata mwingine. Kahawia. Mume wangu akaanza kung'oa kama mwehu, mstari mzima, anapasua na kutupa, anapasua na kutupa. Wale wenye maarifa wanaita michirizi ya kahawia. Sisi siku ile hatukuwa na jina la kuita. Nilikaa kwenye tuta mikono kichwani. Na huyu mtoto kashika kipande, anakigeuza geuza, ananiuliza, "Mama, ganda halina tundu. Sasa aliyeingia humu kaingilia wapi?"

Nikamwambia nyamaza. Hakunyamaza. Kauliza shuleni, kauliza sekondari, kauliza chuo cha Morogoro, mwisho kaenda kuwauliza Wazungu.

Akiwa kule Ulaya alinipigia simu ya picha, kavaa glavu, kavaa miwani ya plastiki, kama anakwenda kupasua maiti. Akanionyesha friji refu kama kabati. Nikamuuliza, "Humo mmeweka nyama gani?"

"RNA, mama. Ya kirusi cha mihogo."

"Nionyeshe."

Akaleta kichupa kama kizibo cha dawa ya macho, ndani tone la maji. Maji matupu. Nikatazama mpaka macho yakauma.

"Mwanangu, hicho kichupa kitupu."

"Iko humo, haionekani. Na glavu ninavaa kwa sababu ukiigusa kwa mkono inakufa. Jasho la kidole chako linaila yote."

Sikuelewa, na mpaka leo nikifikiria nashtuka. Kitu kinakufa kwa jasho la kidole! Na kitu hicho hicho ndicho kilichotulaza na njaa Nyarugusu, ekari kwa ekari. Nikamwambia basi ningejua ningepita shambani nashika shika kila muhogo. Akacheka mpaka miwani ikateleza.

Tukawa tunaongea hivyo. Ananieleza taratibu, na mimi namkatisha. Alisema kirusi hakina mikono wala mdomo, kinaingia ndani ya muhogo kama mgeni aliyebeba maagizo, na maagizo yenyewe ndiyo hiyo RNA. Ndani ya muhogo kuna mpokeaji, kazi yake kupokea maagizo ya nyumbani na kuyapeleka jikoni. Mgeni anamshika huyo mpokeaji mkono, naye bila kuuliza anapeleka jikoni maagizo ya mgeni, na muhogo unaanza kupika chakula cha wezi. Wao walikuwa na mkasi, mdogo hauonekani, wa kumkatia mpokeaji pale mahali mgeni anaposhikia.

"Na mkasi unajuaje mahali pa kukata?"

"Unaongozwa na RNA nyingine, mama, tunayoitengeneza sisi."

"Ngoja. Adui yako RNA?"

"Ndiyo."

"Na anayekuonyesha njia naye RNA?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo ni wifi."

Akaanguka kwenye kiti kwa kucheka. Bosi wake, mama wa Kizungu mwenye nywele fupi, akachungulia kwenye simu. "Mama, shikamoo sana! Mtoto yako nafanya kasi nguvu sana, sisi napenda yeye!" Nikasema marahaba, mpende tu lakini arudi.

Na wifi niliyemtaja yupo, sikumtunga. Ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu, mjane kama mimi, anakaa kule kule Nyarugusu kwenye ardhi ya kaka yake, kazungukwa na mashimo ya dhahabu. Ana wajukuu wengi, wazazi wao wanashinda kwenye maduara, ndiyo hayo mashimo, wengine wanachekecha marudio, mchanga ulioachwa na wenzao, na wote wanarudi jioni kula kwake. Wanakula mihogo. Wifi yangu huyu akikupenda anakutukana, akikuchukia anakuita mgeni. Mwanangu alimpenda kuliko mimi. Huyo ndiye shangazi mwenyewe. Mahari ya huyu mwanangu ilipoletwa, ng'ombe mmoja alikuwa wake kwa haki, na aliishika kamba siku nzima ili kila mtu aone.

Mwanangu alirudi, akaajiriwa kwenye kituo cha utafiti huku kwetu Kanda ya Ziwa, na baada ya kuhangaika sana na maofisi wakampa kibali apande mihogo yake iliyokatwa na mkasi. Ila ndani ya uzio. Nilipoenda kuuona huo uzio nilidhani nimefika gerezani. Waya juu, waya chini, geti na kufuli. Akaniambia masharti: hakitoki kitu. Jani halitoki, mzizi hautoki, kijiti hakitoki. Hata maua wanayachuma yasije yakapata mchumba nje. Kikitoka kitu kimoja na ikajulikana, kibali kinakufa, na kazi yake yote tangu Ulaya inakufa nacho.

"Hata mkikuta ni kizuri?"

"Hata kikiwa kizuri, mama. Bado tunapima. Hatujaruhusiwa kumpa mtu."

Siku ya kuvuna ile ya majaribio walialika wakubwa, na mwanangu akatualika mimi na shangazi yake. Getini kuna mlinzi, mzee wa makamo, koti la kijani, sauti ya kwaya. "Viatu, mama. Hata kama ndiye uliyemzaa Daktari, viatu vinabaki hapa." Tukavalishwa mabuti ya mpira. Wifi yangu yalimpwaya, akawa anatembea kama bata.

Wakaanza na mihogo ya kawaida, iliyopandwa humo humo kwa kulinganisha. Kijana akapasua. Kahawia. Wakubwa wakatikisa vichwa. Nikamwona wifi kafumba macho. Alijua hiyo rangi, ilikuwa shambani kwake wakati huo huo. Kisha wakahamia mistari ya mwanangu. Wakang'oa, wakaweka kwenye turubai, mwanangu mwenyewe akashika kisu. Akapasua.

Nyeupe.

Akapasua mwingine. Nyeupe kama sahani ya harusi. Wa tatu, wa nne, hakuna doa. Mkubwa mmoja aliyevaa tai akasema, "Aah!" kama mtu kakanyaga maji ya baridi. Mimi nilipiga kigelegele na kikakatika katikati. Wifi yangu, ambaye hajawahi kukosa la kusema, hata kwenye msiba wa mumewe, alinyamaza. Akainama, akagusa pale palipopasuliwa, akanusa kidole.

Tukala wali kwenye hema, tukarudi. Mimi nilitangulia garini kwa sababu ya magoti. Wifi alichelewa, akaja baadaye anajikongoja na fimbo, tukaondoka, akashukia njia ya kwake. Sikuona la ajabu.

Ukapita msimu, ukaja mwingine. Mwanangu alikuwa anangojea kibali kikubwa zaidi, cha kupanda mahali pengi. Kila akipiga simu, "Mama, bado kidogo." Sauti yenyewe ilikuwa inarukaruka.

Nikaenda Nyarugusu kumsalimia wifi. Basi likasimama Kagongwa, nikanunua mchele wa kumpelekea, maana nilijua mihogo yake ni ile ya kutia machozi. Nikafika, nikaamkiwa kwa kilugha na kutukanwa kama kawaida. "Mwangaluka, mchawi wa mjini! Bado hujafa?" Nikamjibu, "Nakusubiri wewe uzindue njia." Akaleta sinia. Mihogo ya kuchemsha, inatoa moshi, imepasuka kama maua. Myeupe.

Nikadhani kanunua. Nikala kipande kimoja. Kitamu mno. Nikasema wifi, umeupata wapi muhogo huu? Akajikausha. Kisha akaanza kutikisika mabega kwa kicheko. Akasimama, akachukua mwiko, akaukongojea kama kikongwe wa kupinda mgongo, akawa anazunguka sebuleni.

"Nimetokaje getini? Hivi! Nimekata shina moja refu, nimepukuta majani, nimefunga kitambaa pale pa kushikia. Mlinzi wako ananiona. Anasema," na hapo akatoa ile sauti ya kwaya, "'Pole bibi, taratibu, hapo pana jiwe.' Ananishika na mkono! Kakagua mkoba wangu, kakagua kanga yangu, fimbo ya mzee nani aiguse?"

Kipande kilikuwa bado mdomoni. Sikuweza kumeza wala kutema.

"Wifi," nikasema, "umeiba."

Aligeuka, kicheko kimekatika. "Nimeiba kwa nani? Kwa mtoto wa kaka yangu? Ng'ombe wake nimemshika kamba mimi! Kwetu mbegu ya muhogo tangu lini ikaombwa ruhusa? Mgeni akipita shambani kwako anakata anaondoka, hata wabeja hasemi, ukiishukuru mbegu haioti. Wewe si ulikatiwa kwangu ulipoolewa?"

Kweli nilikatiwa. Ndivyo tulivyo, mbegu ya muhogo haina mwenyewe, na anayekunyima anaonekana mchawi. Uzio wa waya aliuona, masharti aliyasikia kwa masikio yake, lakini kichwani kwake yalikuwa ya watu wengine. Shangazi ni mtu wa ndani.

"Umepanda wapi?"

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Mistari minne mizuri, yote vipande vya ile fimbo na vya watoto wake. Nikapumua kidogo, nikasema afadhali. Ndipo akanyoosha mkono kuelekea kwa majirani. "Na pale kwa mama mlokole nimempa. Na kwa yule fundi wa karasha la kusaga mawe. Na kwa mama lishe kule njia ya maduara. Wote walikuwa wanalia njaa, ningewanyimaje?"

Nikampigia mwanangu pale pale, maana nilijua nikilala nalo litanipasua. Nilimweleza. Hakupiga kelele.

"Mama, msing'oe kitu. Msile tena. Msitupe hata ganda. Nakuja. Lakini kwanza lazima nikaripoti."

"Ukaripoti kwa nani?"

"Kwa waliotoa kibali."

"Ujishtaki mwenyewe? Una homa? Njoo tung'oe kimya kimya, tuchome, nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na nikificha hili, mama, siku nikisema muhogo wangu ni salama nani ataniamini?"

Nilimtukana. Nilimwambia Wazungu wamemharibu akili, kwamba mtu mzima hapeleki shingo yake mwenyewe kwenye panga. Akasema tu, "Shikamoo mama," akakata simu. Mpaka leo sijui mtoto anaagaje kwa shikamoo.

Alikuja na gari ya kituo, na mkaguzi kutoka serikalini, baba mmoja mwembamba anayeongea kama ana kiazi cha moto mdomoni. "Kwa mujibu wa masharti ya kibali, mimea yote iliyotoka itang'olewa na kuteketezwa, na isipopatikana yote, hatua zitachukuliwa." Vijana wamevaa ovaroli, wana mifuko minene. Wifi alisimama mlangoni mikono kiunoni. Nilitegemea moto. Laana ya shangazi si kitu cha kuchezea, na mwanangu alijua. Alimpigia magoti kabla hajasema neno.

"Shikamoo shangazi."

Kimya.

"Shangazi, shikamoo."

"Unakuja kuning'olea chakula, unaniamkia?"

Mwanangu akabaki amepiga magoti kwenye vumbi. Akamweleza. Hakumweleza habari za mkasi wala mpokeaji. Alimwambia, "Niliapa hakitatoka kitu. Kimetoka. Tusipokipata chote, sitaruhusiwa tena kushika kazi hii. Na mtu mwingine hataruhusiwa, watasema wale ndio wale, walishindwa kulinda fimbo moja."

Wifi akamtazama. Halafu akanitazama mimi, na mara ya kwanza tangu nimjue aliniuliza kitu kwa adabu. "Wifi, anasema kweli?"

"Anasema kweli."

Akaingia ndani, akatoka na jembe. Kijana wa ovaroli akataka kumsaidia, akamsukuma. "Toka. Nilipanda mimi." Akang'oa mistari yote minne, mwenyewe, anakohoa, wajukuu zake wamejipanga ukutani wanaangalia chakula chao kinaingia kwenye mifuko. Kila muhogo uliovunjika ulionyesha weupe wake. Mwanangu alikuwa anageuza uso.

Sasa ikabaki ya majirani, na hapo ndipo niliposhtuka kuliko yote. Kwa sababu wifi alisema, "Niliwapa mimi, nitairudisha mimi." Kwetu hujawahi kuona mtu anapita nyumba kwa nyumba kudai mbegu aliyoitoa. Bora upite uchi. Watu wakatoka milangoni kuangalia. Mama mlokole alipoambiwa akashika kifua, "Jina la Bwana, nimefanya nini tena nidaiwe mbegu?" Alidhani wifi kamkasirikia. Akang'oa analia. Fundi wa karasha, kajaa vumbi la mawe mpaka kope, akasema, "Bibi, kama ni ugomvi wa mpaka sema tu, tumalize," naye akang'oa, anatikisa kichwa.

Mama lishe akakataa.

Huyo ana banda karibu na maduara, anauza chai na mihogo ya kukaanga kwa wachimbaji, mkono mmoja kwenye kikaango, mwingine kiunoni. Sauti yake inasikika mpaka chini ya shimo. "Nani? Kurudisha? Jiwe likishaingia karasha umewahi kuliona linarudi jiwe? Mbegu imeshaota kwangu, ni yangu. Tena ndiyo pekee isiyooza! Mnataka nikaange nini, mchanga?"

Wachimbaji kwenye benchi wakashangilia. Mkaguzi akaanza, "Kwa mujibu wa..." Akamkata, "Mujibu kaa kimya, chai yako inapoa na hujaagiza."

Mwanangu akasogea karibu na kikaango. "Dada, mimi ndiye niliyeutengeneza muhogo huu."

"Wewe?" Akamwangalia juu mpaka chini. "Basi una mikono mizuri. Una sumu?"

"Naamini hauna."

"Unaamini, au unajua?"

"Naamini. Kujua ndiko nilikokuwa nakutafuta ndani ya uzio."

Mama lishe akageuza mihogo kwenye mafuta. "Haya. Nikikupa, ukimaliza kujua kwako, ukaruhusiwa, ya kwanza unaniletea mimi?"

Nikamkanyaga mwanangu mguu. Sema ndiyo! Neno moja tu la uongo, mtu kashalainika, mwiko umeshuka. Mwanangu akautoa mguu wake taratibu.

"Siwezi kukuahidi. Sijui kama nitaruhusiwa. Baada ya haya, nadhani sitaruhusiwa."

Mafuta tu yanalia.

"Kwa hiyo nikupe bure, na huniahidi kitu."

"Ndiyo."

"Na kuanzia kesho ninakaanga nini?"

Mwanangu akatazama kikaango. Ndipo wifi yangu, kajaa udongo mpaka kwenye kilemba, akasema, "Utakuja kuchukua kwangu."

"Kwako kuna nini, bibi? Si wamezoa chote?"

"Kuna michembe."

Mchimbaji mmoja akacheka, viazi vikavu unavikaangaje, na wengine wakafuata, mama lishe mwenyewe akacheka bila kutaka, akafuta jicho kwa kiwiko. Kisha akachomoa panga chini ya meza. Nilirudi nyuma hatua. Akamshikisha mwanangu. "Nyuma ya choo cha banda. Ng'oa mwenyewe, mimi sitaki kuona."

Waliichoma ile mihogo kwenye shimo lililochimbwa nyuma ya nyumba ya wifi. Mibichi, haikutaka kuwaka, ikabidi wamwagie mafuta ya taa. Kwa maisha yangu yote sijaona watu wakichoma chakula kizuri. Nimeona kikioza, nimeona kikiliwa na nzige, lakini kuchomwa huku wenye njaa wamesimama pembeni, hapana. Mkaguzi alitoa kitambaa akafuta macho akasema ni moshi.

Haikutosha. Baada ya wiki kadhaa wakaja wakang'oa na ile ya ndani ya uzio, yote, wakaichoma. Kibali kikasimamishwa. Mlinzi wa sauti ya kwaya alitolewa kazini, mwanangu alikwenda kumwombea wakakataa. Bosi wa Kizungu alipiga simu, sikumsikia akisema napenda. Mwanangu amebaki na vichupa vyake vya maabara, miche midogo kama kucha inaelea kwenye uji mzito, na wanasema labda siku moja wataangalia upya. Labda. Sharti ni moja: mashamba yote yaliyong'olewa Nyarugusu yaangaliwe kila mwezi, kusichipue kitu. Kikichipua na kikapatikana kimefichwa, hata hiyo labda haitakuwepo.

Ndiyo maana siku hizi mwanangu anakuja Nyarugusu kuliko alivyokuja maisha yake yote. Anatembea kwenye shamba la shangazi yake kainamisha kichwa kama mtu aliyedondosha hereni. Nami nikipata nauli naungana nao.

Baada ya mvua hizi za karibuni nilifika kabla yake. Nikazunguka nyuma ya nyumba kujisaidia, nikaona miiba. Matawi ya miiba yamepangwa mviringo, kama kizimba cha kifaranga. Nikachungulia katikati. Kijani. Chipukizi la muhogo, limefika gotini, majani matano matano, linang'aa.

Nikamwendea wifi jikoni. "Umeanza tena! Utamuua huyu mtoto!"

Hata hakugeuka kutoka kwenye chungu. "Kelele za nini? Limechipua tangu juzi. Nimelizungushia miiba mbuzi wasile kabla mwenyewe hajaliona. Mbuzi akila, nani atakubali kwamba lilikuwa moja?"

Nikatoka kwenda kuwafukuza mbuzi. Mimi.

Mwanangu akafika, akaamkia, akapelekwa. Wifi akaondoa miiba mwenyewe, tawi moja moja, anajichoma anasonya. Mwanangu akachuchumaa. Alilitazama lile chipukizi muda mrefu, akalipiga picha, kisha akashika shina kwa mikono miwili akavuta. Likatoka na mzizi mdogo, mnene kama kidole gumba.

"Lipasue basi," wifi akasema. "Tuone."

Mwanangu alisita. Nadhani hakuruhusiwa kulipasua. Akatoa kisu.

Nyeupe.

Mwanangu akafungua mfuko, upepo ukaupeperusha, shangazi yake akaushika mdomo kwa mikono yote miwili mpaka alipomaliza kutia.